Shahada ya Fizikia kwa Kijana wa Kanda ya Ziwa: Tumeipa Nyota Tatu

Kwa mwenye bando dogo tunatanguliza hukumu: shahada ya Fizikia, ile tupu isiyoambatana na ualimu wala uhandisi, inapata nyota tatu kati ya tano. Nadharia yake ni imara na tunaitetea bila kusita. Nyota mbili zimeangukia kwenye maabara na kwenye jina la cheti, maana ni nadra sana tangazo la kazi Mwanza kuandika kwamba anahitajika mwanafizikia. Anayeichukua akilijua hilo mapema ataishi nayo vizuri. Anayeichukua kwa kuwa alama za uhandisi hazikutosha atasota darasani, kisha atasota mtaani.

Tunamwandikia aliyemaliza Kidato cha Sita kwa PCM, PCB au PGM, kutoka Nsumba, Nganza au shule yoyote ya ukanda wa ziwa, na mzazi wake pia, kwa kuwa ndiye atakayelipa nauli. Nauli ipo kweli: Malimbe kuna chuo kikuu cha SAUT na Bugando kuna chuo cha afya cha CUHAS, lakini wanaotaka idara kubwa za Fizikia kwa kawaida hupanda basi kwenda Dodoma au Dar es Salaam.

Unachonunua ni krediti 360 kwa miaka mitatu. Krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, darasani na nje ya darasa, hivyo jumla ni saa 3,600. Mwaka wa kwanza una mekanika, mawimbi, umeme na usumaku, pamoja na hisabati nyingi. Wa pili huleta thamodinamiki, mwanga, elektroniki na mwanzo wa kwanta. Wa tatu ni fizikia ya nyuklia, fizikia ya mango, kozi za kuchagua na mradi wa mwisho. Mpangilio huu unafanana karibu kila mahali duniani, na hapo ndipo ubora wake ulipo: aliyeufuata sawasawa anaweza kuendelea Kigali, Nairobi au Ulaya bila kuanza upya.

Wengi hujikwaa mwaka wa kwanza, na kinachowaangusha ni kalkulasi zaidi kuliko Fizikia yenyewe. Aliyetoka PCB amesoma BAM tu, yaani hisabati ya msingi ya matumizi, na BAM haifiki kule mekanika ya chuo inakoanzia. Wiki ya tatu mhadhiri anaandika mlinganyo tofautishi ubaoni kana kwamba kila mtu ameshauona. Anayebaki nyuma hapo hula sapu za hisabati (mitihani ya marudio), sapu zinamla muda wa umeme na usumaku, na mwaka wa pili anaingia na GPA ambayo haitapanda tena. Dawa ni ile miezi kati ya matokeo ya Julai na kufunguliwa kwa vyuo. Saa moja na nusu kila siku inatosha kumaliza utofautishaji, uunganishaji kwa sehemu, vekta, namba changamano na milinganyo tofautishi ya daraja la kwanza. Fanya maswali kwa mkono, kwa kalamu. Video za kufundishia zinamfanya mtu aamini ameelewa kitu ambacho hajawahi kukikokotoa.

Sasa maabara, na hapa tutakaa kidogo.

Mwajiri anapomchukua mhitimu wa Fizikia anamchukua kwa jambo moja kuliko yote: kupima kitu, kujua kipimo hicho kinaweza kukosea kiasi gani, na kuweza kueleza kwa nini. Ujuzi huo haupatikani kwa kunakili ripoti ya mwenzako. Seti moja ya vifaa ikigawiwa wanafunzi wawili au watatu, kila mmoja anashika. Wakifika sita, mmoja anashika, mmoja anaandika na wanne wanasubiri namba. Kisha inakuja tabia ya kupika data, yaani kuanza na jibu la kitabuni na kurudi nyuma kutunga vipimo vinavyolifikia. Tabia hiyo ina chanzo kinachoonekana kwa macho. Zile multimita ndogo za njano huwa na fyuzi ndogo kwenye upande wa miliampia. Mwanafunzi anapima mkondo, anasahau kuirudisha upande wa volti, anagusa ncha za betri ili apime volti, na fyuzi inakatika kimya kimya. Kifaa bado kinasoma volti kama kawaida, ila mkondo kinaonyesha sifuri. Kundi linalofuata linaona sifuri, muda unakwisha, wanapika. Fyuzi ya kubadilisha ni bei ndogo mno, na kukosekana kwake kunaua zoezi zima.

Kwa hiyo kabla ya kujaza chaguo la kwanza, mtafute mwanafunzi wa mwaka wa pili wa chuo unachokitaka, umuulize mambo haya. Mko wangapi kwa seti? Kuna kihesabio cha mionzi cha Geiger kinachofanya kazi, na chanzo kilichofungwa cha kukipimia? Spektromita ina taa ya sodiamu nzima? (Taa hiyo hudai dakika tano hadi kumi ili ipate joto, na kuizimazima huiua mapema, kwa hiyo maabara isiyo na fundi huwa nayo kabatini tu.) Osiloskopu ngapi zinawaka? Ripoti inarudishwa ikiwa imesahihishwa sehemu ya shaka ya kipimo, au inarudi na alama ya vema tu? Swali hili la mwisho lina uzito kuliko yote yaliyotangulia. Kihesabio kikihesabu mapigo 100, shaka yake ni kama 10, yaani asilimia 10. Kikihesabu 10,000, shaka ni 100, yaani asilimia 1. Mwanafunzi anayejua kwamba ili ashushe shaka mara kumi lazima ahesabu mara mia zaidi, huyo ameanza kuwa mwanafizikia. Asiyejua, hata akipata A, bado.

Madarasa ya Fizikia tupu huwa madogo, na sababu zinatofautiana na nchi. Uingereza ilipitia hayo waziwazi: Chuo Kikuu cha Newcastle kiliacha kutoa shahada ya kwanza ya Fizikia mwaka 2004, na kile cha Reading kilitangaza mwaka 2006 kwamba idara yake ya Fizikia itafungwa kufikia 2010. Maabara ni ghali, na chuo kinachopata fedha kwa idadi ya vichwa huona nafuu kujaza kumbi kwa kozi za makaratasi. Newcastle ilirudisha shahada hiyo mwaka 2015. Kule mhitimu wa Fizikia huingia benki au kampuni za programu, jina la cheti halimfungi. Kwetu linafunga. Mgodi unaotafuta mhandisi wa umeme unataka aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na shahada ya Fizikia haikupi usajili huo hata kama unaijua saketi kuliko mwenye nao. Ndiyo maana PCM wenye alama nzuri wanakimbilia uhandisi na PCB wanakimbilia udaktari, na Fizikia tupu inabaki na waliosukumwa huko na mfumo wa udahili. Tunasikitika kuliona hilo, kwa kuwa kazi za Fizikia pembezoni mwa ziwa hili zipo. Zimevaa majina mengine tu.

Tuanze na Bugando, ambako wagonjwa wa saratani wa kanda hii hupata tiba ya mionzi. Chukua mashine inayotumia kobalti-60. Chanzo chake hupungua nguvu kwa nusu kila miaka 5.27, sawa na asilimia 1 na kitu kila mwezi. Mgonjwa aliyehitaji dakika mbili chanzo kilipokuwa kipya atahitaji dakika nne baada ya miaka hiyo mitano na ushei. Ikiwa jedwali la muda halikusahihishwa kwa miezi sita, mgonjwa anapata pungufu ya takriban asilimia 6, wakati lengo la kimataifa ni kutopishana na dozi iliyoandikwa kwa zaidi ya asilimia 5. Anayepaswa kulizuia hilo ni mwanafizikia tiba. Njia yake ni ndefu na ni vizuri kuijua mapema: shahada ya Fizikia, shahada ya uzamili ya fizikia tiba, kisha mafunzo ya hospitali chini ya usimamizi yasiyopungua miaka miwili kwa viwango vya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Mhitimu wa miaka mitatu hawezi kubisha hodi hapo na kupewa mashine. Ila hakuna mlango mwingine unaothamini Fizikia yenyewe kama huu.

Karibu na hapo kuna usalama wa mionzi. Kila mashine ya eksirei na kila chanzo cha mionzi nchini kiko chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki kwa sheria ya mwaka 2003. Kwenye migodi, mabomba yanayopitisha tope la mawe yaliyosagwa huweza kufungwa vipimo vya msongamano vyenye sesiamu-137, ambayo huchukua miaka 30 hivi kupungua nusu. Mwenye chanzo cha namna hiyo lazima awe na msimamizi wa usalama wa mionzi. Kozi fupi ya usalama wa mionzi juu ya shahada ya Fizikia hukupa nafasi ya kuitwa. Usipokuwa nayo, nafasi hiyo huenda kwa fundi wa mgodi aliyepelekwa mafunzoni wiki chache, na mwajiri hana kosa: huyo tayari yuko kazini.

Eneo ambalo wahitimu wengi hawaliangalii kabisa ni viwanda vya samaki. Minofu ya sangara inayogandishwa kwa ajili ya kusafirishwa hutakiwa ikae kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, na kumbukumbu za joto zinakaguliwa. Kila kihisi cha joto kinahitaji kuhakikiwa, na hapa kuna kosa linalojirudia. Mtu anachemsha maji, anatumbukiza kipimajoto, kinasoma 96, anaandika kwamba kina hitilafu ya nyuzi nne. Kipimajoto ni kizima. Mwanza iko zaidi ya meta 1,130 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji huchemka karibu na nyuzi 96. Njia salama ni barafu. Ponda barafu ya maji safi, ijaze kwenye chupa ya chai, mimina maji baridi hadi mianya ijae, kisha mwaga yanayozidi. Acha dakika 10 hadi 15. Kihisi kikae katikati kisiguse chini wala ubavuni, soma baada ya dakika mbili au tatu. Maji yakizidi, barafu inaelea na chini kunakuwa na maji ya nyuzi kama 4. Barafu ikiwa na chumvi au imetoka moja kwa moja kwenye friza bado kavu, utasoma chini ya sifuri. Barafu sahihi inang'aa kwa unyevu, haina ukungu mweupe. Zoezi hili halihitaji hata kifaa cha chuo, na anayeliweza na kuliandika vizuri ana la kusema kwenye usaili wa kitengo cha ubora.

Wakala wa Vipimo unahakiki mizani za soko la samaki la Mwaloni na pampu za mafuta, lakini kule utashindana na waliosomea vipimo moja kwa moja Chuo cha Elimu ya Biashara, na jina la cheti chao linafanana na tangazo. Hali ya hewa nayo ina nafasi: ziwa hutengeneza mvua za radi usiku pale upepo wa nchi kavu unapokutana juu ya maji, na wavuvi wanategemea utabiri. Mwenye Fizikia anaweza kuingia kwa stashahada ya uzamili ya hali ya hewa, kwa mfano ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Ukijua tangu mwanzo kwamba unataka hali ya hewa, basi soma shahada yake Dar es Salaam uokoe muda.

Ualimu ndio mlango mpana kuliko yote, na hatuoni sababu ya kuudharau. Shule za sekondari za Sengerema, Ukerewe na Magu zinahitaji walimu wa Fizikia, na anayefundisha vizuri hapo anaamua kama kutakuwa na wanafizikia baadaye. Lakini sharti lisomwe vizuri. Tangazo la Mwalimu Daraja la IIIC, somo la Fizikia, linataka shahada ya ualimu yenye somo hilo, au shahada isiyo ya ualimu pamoja na stashahada ya uzamili ya ualimu, ambayo kwa kawaida ni mwaka mmoja zaidi wa ada. Kwa hiyo kama ualimu upo akilini hata kwa nusu, chukua shahada ya sayansi na ualimu tangu mwanzo. Utapoteza kozi chache za Fizikia ya juu, utaokoa mwaka. Na yeyote aliyekula bumu akumbuke kwamba akiajiriwa Bodi ya Mikopo hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi.

Kwa aliyeamua Fizikia tupu, kuna nyongeza ambayo bila hiyo tungeshusha tathmini hadi nyota mbili: programu na elektroniki ya kupimia, kuanzia likizo ya kwanza. Laptopu yenye RAM ya GB 4 inatosha kwa lugha ya programu ya Python na maktaba zake za hesabu na grafu, na baada ya kuzipakua mara moja huhitaji intaneti. Anza kwa kuchakata data za praktikali zako mwenyewe badala ya kuchora grafu kwa mkono. Mwaka wa pili nunua bodi ndogo ya Arduino, ile saketi inayoprogramiwa kusoma vihisi, na kihisi cha joto cha DS18B20, aina iliyofunikwa kwa chuma. Unganisha waya tatu, weka rezista ya kiloomu 4.7 kati ya waya wa data na wa umeme, rekodi joto kila dakika tano kwenye kadi ya kumbukumbu. Ukisahau rezista hiyo, au waya ukichomoka, programu itakuletea 127 chini ya sifuri. Ukiona 85 kamili, kihisi kimewashwa lakini hakikupewa muda wa kupima. Usahihi wake ni nusu nyuzi juu au chini kati ya 10 chini ya sifuri na 85. Chini ya hapo shaka inaongezeka, kwa hiyo kwa chumba cha nyuzi 18 chini ya sifuri lazima ukihakiki mwenyewe dhidi ya kipimo kinachoaminika. Kwenye chumba cha baridi adui ni unyevu unaoganda ndani ya maungio. Lehemu, kisha funika kwa mpira unaosinyaa kwa joto.

Chombo hicho ukikiendesha wiki nane mfululizo kwenye kiwanda cha barafu au bucha la samaki wakati wa fildi, unapata mradi wa mwisho wenye data halisi, barua ya mtu aliyeona kazi yako, na jibu la swali "unaweza kufanya nini?" Fildi ya kupanga mafaili ofisini haileti hata kimoja. Omba nafasi mapema, angalau miezi mitatu kabla, na barua yako itaje utakachopima. Barua ya "naomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo" bila zaidi huishia mapokezi.

GPA nayo ina ngazi zake. Chini ya 2.7, milango mingi ya uzamili inafungwa. Kuanzia 3.8 unaweza kuomba kuwa mkufunzi msaidizi chuoni. Kati ya hapo, mahali pa kwanza pa kutazama ni Kigali, safari ya basi kupitia mpaka wa Rusumo: tangu 2018 iko Taasisi ya Afrika Mashariki ya Utafiti wa Msingi, mshirika wa ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia kilichoko Trieste, Italia, inayofundisha uzamili wa Fizikia ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda. AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi ya hisabati, nayo iko mji huohuo. Trieste kwenyewe kuna diploma ya mwaka mmoja baada ya shahada, na uzamili wa fizikia tiba wa miaka miwili ambao mwaka wa pili mwanafunzi anakaa hospitalini. Wanaochagua hutazama alama za hisabati na kwanta, na barua za wahadhiri wawili au watatu wanaokujua kwa kazi. Mhadhiri mwenye darasa kubwa hawezi kukuandikia chochote cha maana kama hukuwahi kumpelekea swali ofisini. Pasipoti iombe mwaka wa tatu unapoanza, na manukuu ya matokeo yafuatilie mara tu seneti inapoyapitisha, kwa kuwa hapo ndipo wengi wanapokosa tarehe ya mwisho wakiwa na sifa zote.